Sura ya Tisa: Kichupa cha Shaabani

Inspekta Sahra Abdihafid alipoinua kifuniko cha mtungi, hakuna moshi uliotoka.

Siku walipoukamata katika Kliniki ya Rajo, moshi mweupe wa baridi ulikuwa umemwagika mpaka miguuni mwao, na askari wawili wakarudi nyuma wakicheka kwa woga. Sasa aliingiza mkono ndani bila glavu. Mtungi ulikuwa na joto lile lile la stoo ya vielelezo, joto la Garissa kabla ya mvua kushuka.

"Nani alikuwa akiongeza naitrojeni?" aliuliza.

"Akiongeza nini?" Koplo Warfa, mtunza stoo, alikuwa akisukuma pikipiki mbili za wizi apate njia.

"Ile baridi yake. Ni maji yanayokauka. Kila baada ya siku chache lazima yaongezwe."

"Inspekta, stoo hii haina hata feni. Mimi nilidhani ni mtungi wa daktari wa ng'ombe, ule wa kupandishia. Nikauweka huko nyuma, fahali wasije wakaudai."

Alitaka Sahra acheke naye. Sahra hakucheka. Alitoa mirija myembamba ya plastiki mmoja baada ya mwingine na kuipanga juu ya meza. Sita, kama ilivyokuwa siku ya kukamatwa. Kisha aliinamisha mtungi, na kitu kingine kikagonga ukuta wake wa ndani na kuviringika hadi mdomoni: kichupa kifupi chenye kifuniko cha buluu, karatasi yake imebanduka kwa unyevu.

"Hiki hakikuandikwa," alisema Warfa.

"Kwa sababu hatukukiona. Tulitafuta mirija, tukakuta mirija, tukatosheka."

Alikitia kichupa katika mfuko wa vielelezo, akaufunga na kusaini, naye Warfa akasaini chini yake.

Kesi yenyewe mji mzima uliijua. Dubow Rage, mfanyabiashara wa ngamia aliyekaribia miaka hamsini na mitano, alikuwa amefika kituoni kulalamika kwamba Daktari Keinan wa Kliniki ya Rajo amempandikiza mkewe Nimco mbegu za mwanamume mwingine. Jambo hilo kwa Mwislamu ni haramu, na kwa Msomali anayehesabu babu zake mpaka wa ishirini, ni mtoto asiye na pa kuanzia kuhesabu. Daktari alikana. Alisema hana kabisa mbegu za mfadhili, yaani za mwanamume mwingine. Polisi wakafungua mtungi wake, wakaikuta mirija ile sita ya mbegu.

Halafu Sahra akafanya hesabu yake. Nimco alisema aliwekewa mbegu saa tano asubuhi, katika Ramadhani. Saa tano ile Dubow alikuwa soko la mifugo, amefunga, na mashahidi wanne waliapa hakutoka. Mwanamume aliyefunga hawezi kutoa mbegu mchana. Kwa hiyo zilizowekwa hazikuwa zake. Hesabu ilikuwa safi kiasi kwamba Sahra alimwita Dubow ofisini na kumwambia kwa maneno hayo hayo: hazikuwa zako.

Dubow alikuwa amesimama, akamshukuru kwa adabu, akaenda nyumbani na kumpa Nimco talaka moja. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Nimco, mimba yake ikiwa imefika miezi tisa, alikuwa kwa mama yake mdogo akihesabu eda, na eda ya mjamzito huisha siku anapojifungua. Hadi siku hiyo mume ana haki ya kumrudisha kwa neno moja. Baada yake hana.

Sahra alitazama kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Keinan yuko wapi siku hizi?" aliuliza.

"Tangu apate dhamana? Dagahaley. Binamu yake ana zahanati kule kwenye kambi ya wakimbizi."

"Niwashie gari."

*

Barabara ya Dadaab, ambako mvua ilikuwa imetangulia, ilikuwa tope tupu, na mara mbili walilazimika kushuka kusukuma. Walifika Dagahaley kabla ya adhuhuri. Zahanati ilikuwa chumba kimoja cha mabati ng'ambo ya uwanja wa kugawia mgao. Daktari Keinan alikuwa akimpima mtoto kikohozi. Alipomwona Sahra alimaliza kupima, akamwandikia mama dawa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Ndipo akageuka.

"Kliniki mmeifunga," alisema. "Jina langu mmelizika. Kimebaki nini, Inspekta?"

"Nataka uniambie uongo wako ulianzia wapi na uliishia wapi."

Keinan alikaa. Alikuwa amekonda.

"Mirija," alisema.

"Ulisema huna."

"Ilikuwa ya mwalimu mmoja na mkewe, Wakristo kutoka Machakos. Mume hana mbegu hata moja. Walikuja wenyewe, wakakubaliana wenyewe, nikawaagizia Nairobi. Mwalimu akahamishwa kabla hatujaanza."

"Kwa nini hukusema hivyo siku ile?"

"Mbele ya nani? Nje ya mlango wangu kulikuwa na watu wanapiga kelele. Ningekubali kwamba mirija ni ya mwalimu, nani angesikia neno la pili? Nikasema sina. Nikadhani mtungi hamtaujua. Mlipoufungua, hakuna aliyenisikiliza tena."

"Uliagiza mingapi?"

"Sita. Mlikuta mingapi?"

"Ninayeuliza ni mimi."

"Uliza basi."

Mvua ilianza kugonga mabati.

"Sita," Sahra alisema hatimaye.

Keinan aliinamisha kichwa. Aliangalia mikono yake.

"Haitoshi," Sahra aliendelea. "Ungeweza kuwa na mingine. Umetibu wanawake kumi na wanane, saba wamepata mimba. Nilimpigia mtaalamu Nairobi. Akaniambia kliniki kubwa huko hupata moja au mbili katika kumi. Wewe, katika vyumba viwili nyuma ya duka la simu, unapata karibu nne. Nikajiuliza nguvu hiyo inatoka wapi."

"Ulimuuliza ni kwa mwanamke, au ni kwa mzunguko?"

"Tofauti yake?"

"Yeye amehesabu kila jaribio. Wewe umehesabu kila mwanamke. Wangu hurudi mara tatu, mara nne. Hao kumi na wanane walikuja mara hamsini na kitu, wakatoka saba. Gawanya mwenyewe."

Sahra aligawanya kichwani. Ilikuwa moja na kidogo katika kumi. Kawaida kabisa.

"Hakuna muujiza," alisema Keinan. "Kuna utaratibu tu. Mbegu mbichi huishi ndani ya mama siku mbili, hata tatu. Ukikosea saa, bado unaweza kupata. Zilizogandishwa, zikishayeyuka, zina nusu siku. Siku moja ukibahatika. Kwa hiyo lazima ujue yai linatoka lini. Unalipiga picha likikua, unachoma sindano ya kulipevusha, unasubiri siku moja na nusu, ndipo unaweka. Ukiacha hayo ukakisia, unawarudisha watu nyumbani na machozi."

"Nimco alichomwa sindano ya kupevusha?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alizowekewa zilikuwa zimegandishwa."

"Ndiyo. Hapo ulipata sawa, Inspekta. Ulipokosea ni pa kusema za nani."

Sahra alitoa mfuko wa vielelezo akauweka mezani. Keinan aliinama, akakitazama kichupa kwa muda mrefu.

"Za mumewe," alisema. "Alileta mara tatu mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, kwa sababu nilijua Ramadhani mchana hatatoa. Mirija hujazwa kwa mashine ya Nairobi. Mimi sina mashine hiyo, natumia vichupa. Viwili tulivitumia. Hiki kilibaki." Alikigusa kwa ncha ya kidole juu ya plastiki. "Mlikuwa mnaongeza naitrojeni?"

Sahra aligeuza macho mlangoni.

"Kilikuwa cha mtoto wa pili," alisema Keinan. "Za Dubow ni chache, na kila mwaka zinapungua. Sijui kama ataweza tena."

Nje, wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mgao walifunika vichwa kwa magunia matupu. Sahra aliwatazama mpaka alipoweza kuuliza swali linalofuata kwa sauti ya kazi.

"Dubow hakuitaja kabisa habari ya kugandisha. Alisema alileta mara tatu kupimwa."

"Nilimwambia."

"Kwa maneno gani?"

Daktari alijikuna shingo. "Ni mtu wa rika la baba yangu. Namwita *adeer*, yaani ami. Alikuwa ameketi mbele yangu anatazama ukuta, kichupa amekifunga kwa leso tatu. Nikamwambia, adeer, tutakuwekea akiba kwa ajili ya mwezi mtukufu. Akasema inshallah. Nikaona amesikia."

"Alidhani akiba ni nini?"

"Dawa, labda. Au dua. Sikumuuliza. Nilimwonea haya, naye akanionea haya, na sote wawili tukashukuru yalipokwisha."

"Kwa hiyo alipopata habari kwamba mkewe aliwekewa kitu saa tano mchana..."

"Alijua yeye hakutoa kitu siku hiyo. Na alikuwa mkweli."

Sahra aliuchukua mfuko. Mtu aliyekwisha kumdanganya mara moja angeweza kumdanganya tena, hasa sasa, akiwa na mirija sita ya kujitetea.

"Swali la mwisho. Nimco ni kijana, hana ugonjwa. Kama ungemwekea za mfadhili, ungemtibu vile vile?"

"Hapana. Za mfadhili zimechaguliwa, zina nguvu. Sindano moja ya kupevusha, unaweka mara moja, basi. Kumzidishia ni kumsumbua bure. Lakini za Dubow zilikuwa chache, na baridi iliua nusu yake. Ilibidi niongeze mayai. Sindano za tumbo kila jioni baada ya futari, na kumwekea siku mbili mfululizo, kichupa kimoja kila siku."

"Nimco ana namba yako ya simu?"

"Anayo."

"Nipe simu yenyewe, usije ukampigia kabla yangu. Utaipata kesho."

Keinan aliitoa mfukoni, akamkabidhi, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Hata sasa huniamini."

"Safari hii nataka niwe na sababu ya kukuamini," alisema Sahra.

Walipovuka tena tope na mtandao ukarudi, alipiga simu Nairobi kwa maabara iliyouza mirija. Mwanamke aliyejibu alimtaka asubiri, akarudi. Kliniki ya Rajo, Garissa: agizo moja. Mirija sita. Hakuna lingine.

*

Nyumba ya Istahil, mama mdogo wa Nimco, ilikuwa nyuma ya soko la mifugo. Istahil mwenyewe alifungua geti, akamtazama Sahra kuanzia viatuni.

"Umeleta nini leo?" alisema. "Mara ya mwisho ulikuja na kalamu, tukapata talaka."

"Nimekuja kuuliza, *habaryar*," alisema Sahra, akimwita mama mdogo kwa Kisomali. "Kisha niseme."

Nimco alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, mgongo ukutani, bakuli la uji mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakuinuka.

"Abaayo, dada yangu," alisema Sahra, akaketi chini mbele yake. "Niambie matibabu yako yote. Tangu mwanzo. Sitakukatiza."

"Siku ile ulinikatiza."

"Najua."

"Nilitaka kukueleza kila kitu. Uliniuliza saa tu. Nilipokuambia saa tano, ukafunga daftari."

Sahra alikubali kwa kichwa. "Sasa nimelifungua."

Nimco alikunywa uji kidogo. Mara akasimamisha bakuli hewani, akatulia, akavuta pumzi, kisha akaliweka chini.

"Sindano za tumbo," alisema. "Kila jioni, tukishafuturu. Habaryar ndiye aliyekuwa akinichoma, daktari alimfundisha."

"Mikono ilikuwa inanitetemeka," alisema Istahil. "Huyu ananicheka, mimi nalia."

"Halafu sindano moja kubwa. Halafu nikawekewa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Leo na kesho yake."

"Una hakika? Si mara moja?"

"Nina hakika kwa sababu siku zile sikufunga. Daktari alisema mfungo hautasimama na jambo lile. Nilikuwa na deni la siku mbili, mbali na zile za mwezi wangu."

"Ni kweli," Istahil aliingilia. "Mbili. Tulizilipa pamoja baada ya Idi. Mimi nilikuwa na zangu za safari. Huyu anatapika kila asubuhi na hataki kula. Nikamwambia, we Nimco, Mungu hana haraka na wewe, ngoja ujifungue. Akasema hataki mtoto azaliwe mama ana deni."

Sahra aliandika. Hakuna daktari angeweza kuipanga siku ile ya kulipa mfungo, wala kumfundisha mwanamke mzee kuikumbuka miezi minane kabla ya mtu yeyote kuuliza. Sindano za tumbo. Siku mbili mfululizo. Vichupa viwili kati ya vitatu. Mirija sita ikiwa sita. Alipiga mstari chini ya maneno yake.

"Mtoto ni wa Dubow," alisema. "Walitumia akiba yake ya Shaabani. Mtoto akizaliwa vinasaba vitathibitisha mbele ya kadhi, lakini mimi sina shaka tena. Nilimwambia mumeo neno nisilolijua, Nimco. Naomba msamaha."

Istahil alishika kifua kwa mikono miwili. "Alhamdulillah! Mpigie! Mpigie sasa hivi, yuko sokoni!"

Sahra alikuwa tayari na simu mkononi.

"Weka simu chini," alisema Nimco.

"Nini?"

"Nilimwambia mimi. Usiku ule ule wa talaka. Nikamwambia wallahi ni zako, daktari alinihakikishia. Akaniuliza, ulizionaje? Miaka sita nimelala kitanda kimoja naye. Wewe alikujua kwa nusu saa, akakuamini." Alinyamaza tena, macho yamefumbwa, vidole vikishika ukingo wa mkeka. Kisha akaendelea. "Ukimpigia sasa atasema nimemrudisha, hapo hapo katikati ya ngamia. Mimi nitakuwa mke wake tena kabla sijamaliza uji."

"Hiyo ni haki yake," alisema Istahil. "Mume anarudi mwenyewe, utamkimbia?"

"Sikimbii, habaryar. Sijasema simtaki. Nasema aje aniulize. Nikishajifungua itabidi aniulize."

"Na mtoto?" aliuliza Sahra. "Kila saa ninayonyamaza, huko sokoni wanasema ni wa mirija."

"Wamesema muda mrefu. Hawatamuua kwa jioni moja. Jina lake mpe lote, Inspekta, mbele ya kadhi na mbele ya watu. Hilo ni la mtoto. Langu mimi niachie."

"Daktari alikuambia utajifungua lini?"

Nimco alicheka, kicheko kifupi kilichokatika. Mkono wake ulikuwa umekamata kifundo cha mguu wa Sahra, na ulikuwa unabana.

"Maumivu yameanza tangu alfajiri," alisema. "Unadhani nakunywa uji kwa sababu nina njaa?"

"Nimco!" Istahil aliruka. "Na umekaa kimya?"

"Mngemwita."

Sahra alisimama. Warfa alikuwa getini, na gari lilikuwa bado limejaa tope la Dagahaley.

*

Hospitalini walimwambia angoje kwenye ukumbi. Simu yake ililia mara ya kwanza alasiri: Dubow Rage. Alipiga karibu kila siku, akiuliza kesi imefika wapi. Sahra alilitazama jina lake likiwaka na kuzima. Taarifa haikuwa imesainiwa, na taarifa isiyosainiwa afisa halazimiki kuisoma kwa mtu. Alijua hiyo ni kweli, na alijua si hiyo iliyomnyamazisha.

Simu ililia mara ya pili. Warfa, aliyeketi kando yake na chupa ya chai, alisema, "Mzee wa watu."

"Ndiyo."

"Kama ningekuwa mimi ningetaka kujua."

"Na mimi," alisema Sahra, akaigeuza simu kifudifudi pajani.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, watu wakirudi kutoka msikiti wa hospitali, mlango ulipofunguka. Istahil alitoka na jasho usoni, shungi limemteleza.

"Msichana," alisema. "Wote wazima. Ana masikio ya baba yake, maskini."

Sahra alitoka nje mpaka kwenye ukuta, mahali pasipo na watu, akapiga. Dubow alipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Inspekta. Nimekutafuta."

"Adeer Dubow, nilikuambia mbegu zilizowekwa hazikuwa zako. Nilikosea. Zilikuwa zako, zile ulizoleta Shaabani. Daktari alizigandisha. Akiba aliyokuambia ndiyo hiyo. Mtoto ni wako."

"Mara tatu," alisema Dubow polepole. "Nilipeleka mara tatu. Nilidhani wananipima." Kisha sauti ikapanda, ikaanza kukimbia. "Basi nimemrudisha. Nimemrudisha Nimco, Inspekta, uwe shahidi, nimemru..."

"Amejifungua, adeer."

"Lini?"

"Sasa hivi. Msichana. Wazima wote wawili."

Dubow alikuwa mtu wa madrasa, na hakuhitaji kuelezwa kwamba eda imekwisha. Sahra alimsikia akikaa juu ya kitu, kiti au jiwe.

"Uliyajua haya tangu saa ngapi?" aliuliza.

"Tangu alasiri."

"Na ukanyamaza. Nilikupigia."

"Ulinipigia. Niliwahi kusema mapema mno mara moja."

Alingoja amtukane. Angekuwa na haki. Lakini Dubow alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho tayari ameshakiuza.

"Daktari amebakiza akiba nyingine?"

Sahra alikiona kichupa cha kifuniko cha buluu juu ya meza ya stoo, na nyuma yake pikipiki za wizi.

"Kilibaki kimoja. Kilikufa mikononi mwetu, kituoni. Hatukujua kukitunza. Hilo nitaliandika pia."

"Basi huyu ndiye pekee."

"Inawezekana ndiye."

Gari la wagonjwa liliingia getini, likapita, likazima. Dubow alikuwa bado kwenye simu.

"Nikija sasa," alisema, "nikasimama mlangoni, nikamwuliza vizuri. Wewe umekaa naye leo. Atanikubali?"

Sahra alifungua mdomo. Alikumbuka mkono uliombana kifundo cha mguu, na sauti iliyosema, sijasema simtaki.

"Sijui, adeer," alisema. "Njoo umwulize."